Juu Si Kaskazini

Wanangu mnaoanza kufundisha chuoni, kabla hamjashika chaki nawaomba jambo moja: msiwaulize wanafunzi kama wameelewa. Mwanafunzi wa huku kwetu ukimwuliza "Tuko pamoja?" atakujibu "Ndiyo, madam," hata kama ulimwacha njiani zamani na ameketi hapo akingoja kipindi kiishe. Si uongo, ni adabu. Kumwambia mwalimu hujaelewa ni kama kumwambia mwenyeji wako chakula hakina chumvi. Nimefundisha elimu ya udongo na matumizi ya ardhi katika kampasi yetu ya Embu mpaka nikastaafu, na hiyo "ndiyo" imenidanganya kuliko wingu lolote la Machi lisiloleta mvua.

Mwambie achore. Mwambie akuonyeshe kwa mkono. Mwambie amweleze mwenzake kwa Kimeru au Kiembu, nawe ukae nyuma ya darasa usikilize na kunyamaza, kazi ambayo sisi walimu hutushinda. Hapo ndipo utajua kilichomo kichwani mwake. Haya sikuyasoma popote. Niliyapata kwenye kosa la msichana mmoja wa Mitunguu aliyekuwa karibu kurudishwa nyumbani, na hadi leo nikilifikiria kosa hilo mwili hunisisimka, kwa sababu sijawahi kuona kosa zuri namna ile.

Msichana mwenyewe aliitwa Kendi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa ndizi kule Mitunguu, Imenti Kusini, mahali pa joto ambapo maji ya kunyunyizia mashamba huteremshwa kwa mabomba kutoka juu. Alikuwa mwepesi wa akili na wa maneno, na kwenye maabara hakuna aliyemshinda. Lakini kulikuwa na mtihani mmoja wa mwaka wa kwanza, wa kuchora ramani ya eneo unalolijua, na katika huo alianguka, akaurudia kama sapu, akaanguka tena. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka mara ya tatu, unafunga sanduku lako. Na huko kwao hakuna mwingine aliyekuwa amefika chuo kikuu, kwa hiyo sanduku hilo lingekuwa zito kwa watu wengi.

Aliyesahihisha mtihani huo ni Profesa Mbogo, mkuu wa idara yetu. Kila nilichojua cha maana kazini nilikipata kwake, lazima niseme. Ndiye aliyenifundisha kuulowesha udongo kidogo na kuuviringisha viganjani mpaka uwe uzi; uzi ukikatikakatika, udongo una mchanga mwingi, na ukikubali kupindwa ukawa pete, huo ni mfinyanzi. Ndiye aliyenionya nisimkazie macho mwanafunzi niliyemwuliza swali, bali nitazame pembeni, ili apate nafasi ya kuwaza bila kuona haya. Alikuwa mtu wa Kibugu, upande wetu wa Embu, juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, mtoto wa mashamba ya majani chai, na sweta hakuivua hata jua la Embu mjini likiwaka. Utani aliupenda. Kalamu yake nyekundu tu ndiyo haikujua utani.

Kwa Profesa, ramani haikuanzwa ovyo. Kwanza unachora mshale wa kaskazini, nao unaelekea juu ya karatasi. Mshale ukidanganya, hata mengine yote yakiwa sawa, umepata sifuri. Na sifuri zilikuwa nyingi kila mwaka. Jambo la kushangaza ni kwamba wanafunzi wa Embu karibu wote walipita. Waliokuwa wakianguka ni wa kutoka Meru, hasa Imenti na Timau. Katika chumba cha walimu kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema shule za huko hazifundishi jiografia, mwingine akasema wanafunzi hao wamezoea miraa kuliko kalamu, na mwalimu wa Meru aliyekuwapo akaacha chai yake akatoka nje. Mimi ni Mwembu, na sikuwa na maelezo yoyote.

Kabla Kendi hajafanya mtihani mara ya tatu, niliomba nikae asubuhi moja na wote walioanguka. Simu za wakati huo zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe tu, hakuna aliyekuwa na ramani mfukoni. Madawati ya darasa letu yalikuwa yamepigiliwa sakafuni, kwa hiyo tukaazima ukumbi wa kulia. Mama wa jikoni alituruhusu kwa sharti tumalize kabla ya chai ya saa nne na tusikanyage alipopiga deki.

"Sahauni mtihani," nikawaambia. "Kila mmoja achore njia ya kutoka kwao mpaka mtoni. Usisahau mshale wa kaskazini."

Wakachora, wakicheka na kusemana juu ya nani kwao kuna mto na nani kwao kuna mtaro. Walipomaliza nikazitandaza karatasi sakafuni zote kwa pamoja, kila moja mahali pake kama tungeutazama mkoa mzima kutoka angani: wa Chuka hapa, wa Mitunguu pale, wa Meru mjini mbele kidogo, wa Timau huko mwisho, kaskazini ya mlima. Mishale yote nikaielekeza upande mmoja, kama inavyotakiwa.

Mambo yakakataa. Kila mto uliteremka kuelekea kusini. Wa Mitunguu, ambao Mungu aliuelekeza mashariki, uliteremka kusini. Wa Timau, ambao unakwenda kaskazini kwenye nchi kavu, nao uliteremka kusini, ukaingia moja kwa moja kwenye Mlima Kenya.

"Madam, huu mto umepanda mlima," akasema Mutuma, kijana wa Laare. "Hii maji iko na miguu."

Watu wakaangua kicheko. Kendi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya karatasi yake.

"Hapana, madam. Hii yangu umeweka vibaya," akasema. "Mlima uko upande huu." Akaishika pembe ya karatasi, akaizungusha mpaka sehemu yake ya juu ikaelekea katikati ya sakafu.

"Lakini sasa mshale wako unaelekea magharibi," nikamwambia.

"Unaelekea juu, madam. Si mlitwambia kaskazini ni juu?"

"Ndiyo, kaskazini ni juu."

"Na juu si ni mlimani?"

Nikainama, nikaitazama karatasi yake upya.

Kama hamjakaa huku, niwaeleze. Kwetu sisi, Embu na Meru, hatuna haja ya mashariki na magharibi. Shamba liko juu au liko chini. Binti ameolewa juu. Mbuzi wamepotelea huko chini. Juu ni kuelekea mlimani, chini ni kuelekea tambarare, na mtoto huyajua haya kabla hajajua kuhesabu. Kisha anapelekwa shule, mwalimu anatundika ramani ukutani na kumwambia, "Kaskazini ni juu." Mtoto anafurahi. Kumbe kaskazini ni mlimani! Kuanzia siku hiyo anachora mlima kwenye ncha ya karatasi, anaweka mshale, anaandika kaskazini. Ameyachukua maneno yetu wenyewe, akayaunga kwa akili timamu, na tukampa sifuri.

Na sisi wa Embu je? Kwetu mlima uko kaskazini kweli. Tulikuwa tukipata alama kwa sababu ya mahali mama zetu walipotuzalia.

Msichana wa Timau akainuka, akaizungusha karatasi yake kabisa, juu chini. Wa Meru mjini akafuata, kisha wa Chuka akasogeza yake kidogo tu. Hakuna aliyewaamuru. Walipomaliza, mito yote ilikuwa imekubali. Ilitoka katikati na kwenda pande zote, kama nywele zinavyotoka kwenye utosi wa mtoto. Na pale katikati palikuwa patupu, saruji tu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameuacha mlima nje kidogo ya ncha ya karatasi yake. Hakuna aliyeuchora, na sote tuliuona.

Niliketi sakafuni, kwenye maji ya deki. Nilikuwa nimesoma juu ya mlima huo, nimeufundisha, nimepima udongo wake, lakini sikuwa nimewahi kuelewa kwamba watu wanaoishi kuuzunguka wote wanautazama, mgongo wa mmoja ukielekea Timau na wa mwingine ukielekea Embu, na kila mmoja anaamini yuko mbele yake. Nilitaka kulia, nikacheka.

"Na mimi, madam?" akauliza Mutuma akiwa na karatasi yake mkononi. "Mlima yangu ni Nyambene. Hii yenu sisi tunaonanga tu kwa mbali."

Tukampeleka karibu na mlango, akaketi huko peke yake na milima yake. Saa nne ilipofika, mama wa jikoni alitoka na birika, akasimama, akatazama. Hakutufukuza. Aliuliza kwao Runyenjes ni wapi hapo, tukamwonyesha, na wanafunzi wa chuo kizima walikunywa chai siku hiyo wakiwa wamesimama kando ya kuta na vikombe mkononi, kila mmoja akitafuta kwao.

Nikiwa bado na karatasi hizo mikononi nilianza kuiona kozi yetu kwa macho mengine. Wakati huo ilikuwa imekatwakatwa: mwaka wa kwanza kemia na hesabu, wa pili mimea, wa tatu maji na mmomonyoko, wa nne ndipo mwanafunzi anatolewa nje kuona shamba. Mtoto wa mkulima alikuwa anaugusa udongo mwaka wa nne, wakati mawazo yake yote yako kwenye kuhitimu. Na kila mwalimu alifundisha kipande chake akafunga mlango, bila kujua wa chumba cha pili anasema nini.

Mwishowe tuliigeuza, ingawa ilituchukua mikutano mingi na majibizano ambayo sitayarudia. Sasa muhula wa kwanza unaanza kwa kuteremka. Mnawachukua wanafunzi asubuhi, mnaanzia Kibugu penye majani chai na baridi, udongo mwekundu unaofika chini kuliko urefu wa mtu. Mnashuka kwenye kahawa, mnashuka kwenye mahindi na maharagwe, mnamalizia Mbeere kwenye muguka, ndugu yake miraa, na ndengu, udongo umekuwa wa mchanga na kila mtu amefunga sweta kiunoni. Mnatembea kutoka dunia moja hadi nyingine kabla ya jioni. Wakirudi darasani, hapo ndipo mwalimu wa kemia anapoanza: kwa nini ule wa juu ni mchachu? Na mwalimu wa maji: ule mchanga wa chini ulitoka wapi? Kila somo linaning'inizwa kwenye mteremko ule ule. Mwanafunzi akisahau kanuni, hukumbuka mahali alipovua sweta.

Msiniige kwa kila kitu, lakini shikeni hili: anza na neno la nyumbani, halafu ndipo ulete la kitabuni. Udongo ni muthetu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ukilitupa neno la nyumbani halifi, linajificha, nalo litakuja kukuharibia mtihani kama lile "juu" letu. Waulize kitu hicho wanakiitaje, neno wanalitumia vipi, na kama wa Embu na wa Meru wanakubaliana. Mara nyingi hawakubaliani, na somo lako limeshaanza bila wewe kutoa jasho. Siku hizi simu nazo zimekuja kunichekesha, maana nyingi ukitembea nazo zinageuza ramani kukufuata unakoelekea. Zinafanya alivyofanya Kendi, na hakuna anayezipa sifuri.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na kikao cha idara, na jina la Kendi lilikuwa juu ya meza. Niliwaeleza niliyoyaona ukumbini. Walimu wengine walicheka, wengine wakaanza kuhesabu kwa vidole sifuri tulizogawa. Profesa Mbogo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ramani haina kwetu wala kwenu, Madam Wanja," akasema. "Rubani akipotea angani, atapiga simu aulize mlima wa Mitunguu uko wapi?"

"Hapana, Prof. Lakini huyu msichana hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba juu ya karatasi na juu ya mlimani ni maneno mawili."

"Basi ameambiwa. Je, amejua?"

Hapo hakukosea. Kuambiwa si kujua, na kosa likiwa zuri bado ni kosa. Mpima ardhi asiyejua kaskazini atawagombanisha majirani. Tulibishana, na mwisho Profesa akasema mtihani wa tatu hautafanyiwa darasani. Angekwenda yeye mwenyewe mpaka Mitunguu, Kendi asimame shambani kwao na kueleza ulalo wa ardhi kwa mdomo, mlima ukiwa mbele ya macho yake. Akiweza atabaki chuoni. Asipoweza, abaki hapo hapo nyumbani, na sisi turudi Embu bila yeye.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye mitihani mingi, lakini siku hiyo njia nzima nilihesabu mito tuliyovuka, kila mmoja ukienda mashariki. Tulifika katikati ya mchana. Mama yake Kendi alitukaribisha kwa uji na ndizi, hakuuliza lolote, akajifanya ana kazi kwenye migomba iliyo karibu ambako angeweza kusikia kila neno. Kendi alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Jua lilikuwa utosini, halimsaidii mtu yeyote. Mlima ulikuwa umefunikwa kilele, lakini mabega yake yalionekana wazi, mapana na ya buluu, na shamba lote lilikuwa linateremka kutoka huko.

Profesa aliivua sweta, kofia akaiacha kichwani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona na shati tupu. Alikuwa amepita Mitunguu mara nyingi akiwa garini, lakini nadhani hakuwahi kusimama hapo bila karatasi mkononi.

"Tuanze," akasema. "Mimi nitasimama upande huu wa kaskazini. Wewe kaa hapo kusini, unieleze shamba hili linalala vipi."

Akapanda hatua kadhaa kati ya migomba, akageuka, akasimama na mlima mgongoni mwake.

Niliyasikia maji yakipita kwenye mfereji. Kendi alinitazama, akamtazama Profesa, kisha akatazama chini.

"Prof, samahani," akasema taratibu. "Hapo umesimama ni magharibi."

"Wapi?"

"Hapo. Kaskazini ni mkono wako wa kushoto."

Profesa alikunja uso. Alitia mkono mfukoni akatoa dira yake ya zamani, akaiweka kiganjani, akaingoja sindano itulie. Ilipotulia, akaigonga kwa kidole, akaingoja tena. Nilimwona akigeuka kuutazama mlima, kisha akirudi kwenye dira, kisha mlima.

"Umejuaje?" akauliza. Haikuwa sauti ya mtahini.

"Baada ya ile siku ya karatasi nilikuja nyumbani," Kendi akasema. "Nikaamka mapema nikasimama hapa hapa, nikangoja jua litoke. Likatoka kule chini. Nikanyoosha mikono vile tulifundishwa, na kaskazini ikakataa kuwa mlimani. Nilisikia kizunguzungu, Prof. Ni kama shamba yote imezunguka na mimi nimebaki. Nikakaa chini mpaka ikaisha."

"Hukutuambia hivyo."

"Ningewaambia aje? Nyinyi wa Kibugu hamjawahi kupotea. Mlizaliwa mkiwa mmefika."

Nilidhani atakasirika. Profesa alishika mgomba kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeinuka ghafla baada ya kuketi sana.

"Hicho kizunguzungu," akasema, "hata mimi ninacho sasa."

Akatoa kalamu, akaweka karatasi ya mtihani kwenye shina la mgomba huo huo, akaandika. Akanipa nisome, kwa sababu sheria ilitaka wasomaji wawili. Kendi alikuwa amepita. Huko kwenye migomba mama yake alianza kuimba kwa sauti ya chini, naye Kendi akajifuta macho kwa mkono wa nguo yake ya kanisani, akidai ni jasho.

Nilianza kukusanya vitu tuondoke. Profesa hakuondoka. Alikuwa bado ameutazama mlima, upande ule ambao hakuwa ameuona akiwa amesimama kwa miguu yake.

"Kendi," akamwita. "Kibugu iko wapi kutoka hapa?"

Kendi akamwendea, akasimama kando yake, akanyoosha mkono kushoto, nyuma ya bega la mwisho la mlima. "Huko, Prof. Ukipita ile sehemu inashuka, uzunguke."

Profesa akaufuata mkono wake kwa macho, akavua kofia, mzee mzima na mvi zake, anaonyeshwa kwao ni wapi.